Mashine Isiyo na Ufunguo

Nilipowaachia karakana mliniomba niwaandikie kitu cha kukumbuka, kitu cha kumshukuru Mungu na cha kuchekesha kidogo. Kumshukuru Mungu nitamshukuru, maana amenitunzia vidole vyote kumi, na kwa fundi wa injini hilo si jambo dogo. Kuchekesha, sijui. Naandika nikiwa na hasira. Nimeiombea hasira hii iondoke tangu masika na haijaondoka, basi nimeona pengine imebaki kwa sababu ina kazi. Kazi yake ni Bura, mwendesha mashine ya kusaga kule juu ya Gitting, ambaye amepoteza jicho la kushoto na akakaribia kupoteza jina lake pia. Nitafika kwake kwa utaratibu, kama ninavyofungua injini, nikianzia nje.

Vyeo na mishahara sitaandika. Vyote viwili vilikuwa vifupi.

Nilianza kazi nikitokea chuo cha uinjilisti. Nilijua kuhubiri, lakini usharika haukuwa na nafasi kwangu, na mjomba wangu akanipeleka kwenye mashamba makubwa ya ngano, wilaya ya Hanang, walikokuwa wanatafuta vijana wa karakana. Nilipelekwa kwa Fundi Ramadhani, Mrangi aliyezaliwa Katesh, Mwislamu wa kuswali kwa wakati, mtu mfupi mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akaniuliza injini inakula nini. Nikasema dizeli. Akanipa karai la vyuma vichafu na brashi, akaniambia nioshe mpaka nipate jibu lingine.

Niliosha asubuhi nzima. Mchana akapita tena, nikamwambia sijui. Akafurahi, nadhani kwa sababu niliacha kubuni. Akakaa juu ya tairi akaniambia, "Hewa ndiyo ugali. Dizeli ni mboga. Mtu akikosa mboga atakula ugali kwa chumvi, lakini akikosa ugali mboga itampeleka wapi?" Kisha akanionyesha chujio la hewa la kombaini, mashine ya kuvunia, lililojaa vumbi la ngano mpaka likawa kama mkate. Kwa miaka yote niliyofanya naye kazi, injini ikiletwa mbele yake, mkono wake wa kwanza ulikwenda kwenye njia ya hewa, hata kama dereva alikuwa analalamika breki.

Alinifundisha kusikiliza injini kwa bisibisi, ncha kwenye chuma na mpini sikioni, mpaka ujue valvu ipi inagonga. Alinifundisha kutomwambia mwenye mashine "imepona" kabla haijafanya kazi ngumu mbele yangu. Wakati wake wa swala nilishika zana, na niliposali kabla ya chakula yeye alishika ugali. Hatukuwahi kubishana dini. Tulibishana gasketi.

Mashamba yalipopungua nguvu nikafungua karakana Katesh, hiyo mliyoikuta. Kazi kubwa haikuwa magari. Ilikuwa mashine za kusaga huko vijijini: Endasak, Hirbadaw, Gitting, na upande wa Mbulu mpaka Dongobesh. Nilikwenda kwa pikipiki na sanduku la spana nyuma. Mengi yalikuwa makosa madogo yenye maelezo marefu. Kule Hirbadaw niliitwa kwa mashine ambayo, kwa maneno ya mwenyewe, ilikuwa imerogwa na jirani, ilitoa moshi mweusi na haivuti. Nikakuta chujio la hewa limefungwa kitenge, tabaka mbili, kwa fundo safi. Alikuwa ameikinga na vumbi. Nikafungua kitenge, mashine ikavuta, na yule jirani mpaka leo hajui kwamba alisamehewa.

Ninyi vijana mmekulia kwenye injini za ufunguo, kwa hiyo niwaeleze hizi za zamani. Ni silinda moja, gurudumu kubwa la chuma pembeni, na hendeli. Unainua mkono mdogo wa kuachia kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, unazungusha hendeli kwa nguvu zako zote, gurudumu likishika kasi unashusha ule mkono, na injini inawaka. Kuizima, unafunga dizeli. Haina ufunguo, haina swichi, haina waya hata mmoja. Ndiyo sababu bado ziko hai. Hakuna kitu cha kuiba wala cha kuungua. Haya mliyosoma sasa hivi yashikeni, maana jicho la Bura lilipotea hapo.

Jambo jingine mnalijua, lakini naliandika kwa ajili ya mgeni atakayesoma. Kwetu mashine ya kusaga haingurumi karibu na mazishi. Jeneza likipita, mashine inazimwa. Kaburi likiwa jirani, mashine inakaa kimya mpaka udongo urudishwe wote na majembe yanyamaze. Wakristo, Waislamu, hata asiye na dini, wote hufanya hivyo, na sijawahi kusikia mwenye mashine akilalamika. Ni desturi nzuri. Naipenda mpaka leo.

Sasa nije kwenye gesi. Mara ya kwanza kuisikia haidrojeni kama chakula cha injini nilifundishwa na Mwalimu Neema, anayefundisha injini kwenye chuo kimoja cha ufundi. Alikuja Katesh na wanafunzi wake kuangalia kazi zetu, akiwa na umri wa binti yangu wa mwisho. Aliniamkia kwa heshima kisha akanieleza mambo ambayo sikuyajua, na nilikaa juu ya tairi kumsikiliza kama nilivyomsikiliza Ramadhani.

Alisema haidrojeni ni nyepesi kuliko gesi zote, inapenya penye ufa mdogo, na inashika moto kwa cheche ambayo jicho halioni. Dizeli ukiizidisha au ukiipunguza injini italalamika. Haidrojeni ikiwa kidogo inawaka, ikiwa nyingi inawaka. Ukiiingiza kwenye bomba la hewa kabla ya valvu, inachanganyika vizuri na hewa, lakini bomba lote linakuwa baruti; masizi ya moto ndani ya silinda yakiigusa wakati valvu ya kuingizia iko wazi, moto unarudi nyuma gesi ilikotoka. Ukiipuliza kwa nozo yake, mdomo mwembamba wa kupulizia, moja kwa moja ndani ya silinda, valvu ikiwa imeshafungwa, moto hauna njia ya kurudi, ila muda wa kuchanganyika ni mfupi mno, gesi inabaki mafungu mafungu na nguvu inapotea. Wenzetu wenye maabara wanahangaika hapo katikati, alisema: lini iingie, kiasi gani, ichanganyike vipi.

Nikamwuliza kama basi ni gesi mbaya. Akasema, "Hapana, Mzee. Ni gesi nzuri. Ila haisamehi mtu aliyefanya kazi nusu."

Nilimshukuru Mungu kwa ajili ya binti yule, na bado namshukuru.

Baada ya hapo akaja yule mgeni. Jina lake silitaji, na kampuni yake sina hakika kama ilikuwepo. Aliuza mtungi wa plastiki wenye mabamba ya chuma ndani, maji, na kostiki, dawa kali inayounguza ngozi, ya kusaidia umeme kupita. Unaunga na betri, maji yanapasuka, yanatoa haidrojeni na oksijeni pamoja, mpira unapeleka gesi hiyo kwenye bomba la hewa la injini, na inasemekana dizeli inapungua. Inasemekana. Umeme wa kupasua maji hautoki mbinguni, na hilo hakulitaja. Wala hakutaja kwamba gesi hiyo inakuja ikiwa imeshachanganyika na oksijeni yake, yaani haihitaji hata hewa ili ilipuke.

Lakini hasira yangu ya kwanza haiko hapo. Waongo wa mashine nimewaona wengi. Hasira yangu ni kwamba aliuzia kanisani. Kule Gitting alisimama uani baada ya ibada, akaomba aanze kwa sala, na akaanza kwa sala. Akasema maji ni zawadi ambayo Mungu ametupa bure, na wasioamini gesi ya maji imani yao ni ndogo. Nilisimuliwa na watu watatu, na wote watatu walikuwa bado wanavutiwa na sala yenyewe. Mimi nimesoma Neno tangu ujana, na ninawaambia, mtu anayetumia jina la Mungu ili usimwulize swali kuhusu waya, huyo mwulize maswali mawili.

Kikundi cha akina mama wenye mashine wakanunua mtungi na betri yake. Mwenyekiti wao ni Mama Safari, mwanamke makini ambaye hajawahi kuniachia bolti moja ilegee bila kuniita nirudi. Kuufunga walimwita Tluway, fundi wa hapo hapo, na Tluway alijifunza kazi kwangu. Hilo linaniuma hata sasa.

Maelekezo yalisema waya wa mtungi uungwe kwenye waya wa ufunguo, ili injini ikizimwa mtungi nao uzimike. Ni maelekezo sahihi, kwa gari. Tluway akaitazama mashine, akaona haina ufunguo, akaunga moja kwa moja kwenye betri. Mtungi akaufunga ukutani, kimo cha uso wa mtu, karibu na hendeli ili mpira uwe mfupi. Chupa ndogo ya maji ya kuzuia moto usirudi kwenye mtungi aliiacha kwenye boksi, kwa sababu haikuwa na mahali pa kukaa. Bura, anayeendesha mashine ile tangu ilipoletwa, aliambiwa aongeze maji asubuhi na avue betri jioni kwa ajili ya wezi. Ndiyo mafunzo yote aliyopewa.

Haikumaliza wiki. Ulikuwa msimu wa mavuno, mashine inawashwa asubuhi na kuzimwa jioni, na gesi ikitoka inavutwa na injini papo hapo. Kisha akafariki mzee mmoja wa jirani, na kaburi likachimbwa hatua chache kutoka kwenye mashine. Jeneza lilipotoka nyumbani, Bura akafunga dizeli. Upepo wa mlimani ulikuwa unapeperusha unga, akafunga na mlango. Akakaa kimya gizani kama watu wengine wote walivyokaa kimya nje. Mtungi ukutani haukujua kuna msiba. Ukaendelea kuchemka, ukajaza mpira, ukajaza chujio, ukajaza bomba lote la hewa.

Mahubiri yalikuwa marefu. Mwinjilisti aliyehubiri ni rafiki yangu, na urefu wake naujua.

Majembe yaliponyamaza na wimbo wa mwisho ukaisha, akina mama wenye magunia wakamwambia Bura awashe, watoto wanasubiri uji. Akapiga hendeli. Ndani ya silinda bado kulikuwa na joto na masizi. Moto ukashika valvu ikiwa wazi, ukarudi kwenye bomba, ukapita kwenye mpira bila cha kuuzuia, na mtungi ukapasuka mbele ya uso wake pamoja na kostiki yote. Walimwosha kwa maji ya kwenye ndoo, na daktari alisema ndoo ile ndiyo iliyookoa jicho la kulia.

Sasa sikilizeni kilichofuata, maana hapo ndipo nisipoweza kutulia. Ndugu za marehemu walikuwa wanageuka kutoka kaburini mlipuko uliposikika. Kufikia jioni ilikuwa imeshasemwa kwamba Bura aliwasha kabla ya wafiwa kumaliza, na amepigwa na laana kwa ajili hiyo. Wazee wetu walikuwa na desturi ya kumtenga mtu aliyeguswa na jambo baya, asichangie moto wala chombo na wenzake. Tunasema tumeiacha tangu tubatizwe. Tumeacha jina lake tu. Bura alirudi kutoka hospitali akakuta watu wanamsalimia kwa mbali bila kumpa mkono. Mkewe alikwenda kuomba moto kwa jirani akaambiwa umezimika, na moshi ulikuwa unatoka jikoni. Kikundi kikaanza kutafuta mwendesha mashine mwingine, si kwa ubaya, alisema Mama Safari, ila watu wanaogopa kuleta mahindi kwa mkono ule.

Na yule mgeni wa sala alipopigiwa simu alijibu kwamba mwendeshaji alitakiwa kuzima gesi kwanza. Kwa swichi ipi, hakusema. Baada ya hapo simu yake haikupatikana tena.

Nilipanda Gitting. Nilimwomba Mama Safari aite kikundi na wafiwa kwenye mashine, akaita. Kaka wa marehemu, Mzee Margwe, akaja na fimbo yake na uso uliofungwa. Tluway akaja kwa sababu nilimpitia nyumbani nikamleta kwa pikipiki yangu mwenyewe. Bura alikaa nje, karibu na mlango, kwenye kigogo. Hakuna aliyemwambia akae nje. Hakuna aliyemwambia aingie.

Nilikuwa na mtungi mwingine wa aina ile ile, niliompokonya mteja mmoja wa Endasak. Nikauweka sakafuni katikati, mpira wake nikauelekeza nje ya dirisha, nikauunga na betri kama Tluway alivyounga. Injini imelala, gurudumu halizunguki. Mapovu yakaanza kupanda. Watu wakainama kutazama. Mama mmoja akauliza, kwa sauti ya chini, mbona mashine imezimwa na hiki kinachemka.

Nikasema swali hilo si langu kulijibu. Nikamgeukia Tluway.

"Maelekezo yalikwambia uunge wapi?"

"Kwenye waya wa ufunguo, Mzee."

"Ufunguo wa mashine hii uko wapi?"

Mtu mmoja nyuma akacheka, na akaacha alipoona Mama Safari amemwangalia.

"Haina," Tluway akasema.

"Sasa?"

Aliufuata waya kwa macho mpaka kwenye betri. Mnaomfahamu mnajua si mtu mbaya. Hakuiba, hakulewa, alikuwa na haraka tu, na aliona aibu kuwaambia akina mama kwamba kitu walichokwisha kukiombea hakifai kwenye mashine yao. Nimekutana na aibu ya namna hiyo mara nyingi katika kazi yetu, na kwa maoni yangu imeumiza watu wengi kuliko ulevi.

"Niliunga moja kwa moja," akasema. "Nilijua haizimiki. Nikasema jioni si wanavua betri. Msiba sikuufikiria."

Nilimshukuru kwa kusema kweli, na nilimshukuru nikiwa na hasira, jambo ambalo nimegundua linawezekana.

Mzee Margwe hakuridhika. Alipiga fimbo sakafuni, akasema hayo ni ya mafundi, waya na nini, lakini yeye anachojua ni kwamba kaka yake alikuwa hajakaa vizuri ardhini. Akauliza, "Huyu angengoja kidogo, kwa heshima, si asingeumia?"

Nilikuwa nimeandaa maneno ya upole kwa ajili ya wafiwa. Yote yaliniondoka. Nikamwambia, "Mzee Margwe, kila alivyongoja ndivyo gesi ilivyojaa. Angekuwa mtu wa kiburi, mashine ikanguruma wakati mnamzika kaka yako, leo angekuwa na macho mawili. Jicho lake liliondoka kwa sababu aliwaheshimu."

Mtungi uliendelea kuchemka katikati yetu mpaka Mama Safari akainama akachomoa waya mwenyewe.

Nje, Bura aliongea bila kugeuka, kwa sauti ya mtu anayezungumza peke yake. Alisema alikuwa anasikiliza majembe. Aliyasikia yakinyamaza, akasikia yakianza tena, akangoja. Yaliponyamaza mara ya pili akangoja wimbo uishe. Ndipo akashika hendeli. Akasema angependa mtu yeyote aliyekuwa kaburini aseme kama wimbo ulikuwa haujaisha.

Wafiwa wakaangaliana. Binti wa marehemu akasema ulikuwa umeisha. Akasema alilijua hilo tangu siku ile ile, ila hakuna aliyemwuliza.

Vijana wangu, mkiulizwa kwa nini mimi, Mzee Yohana, sina amani uzeeni, wajibuni hivyo: binti alilijua, na hakuna aliyemwuliza. Mtungi tuliupasua kwa nyundo. Mashine ile sasa inakula dizeli na hewa kama zamani, na Bura ndiye anayeiendesha. Kama siku moja haidrojeni itakuja Hanang kwa nozo yake na kwa watu kama Mwalimu Neema, ipokeeni, na mniite nije nitazame nikiwa bado hai. Lakini mkiletewa kitu cha kuunga kwenye ufunguo na mashine haina ufunguo, wekeni spana chini mseme. Semeni mbele ya mwenyekiti, mbele ya mchungaji, hata kama sala imeshafungwa kwa amina.

Siku ile Mzee Margwe aliinuka, akatoka nje mbele ya wote, akamnyooshea Bura mkono. Bura hakuupokea. Mkono ukabaki hewani, mkono wa mzee wa umri mkubwa, na minong'ono ikaanza mlangoni kwamba sasa Bura naye amezidi, anamkataa mkubwa wake. Nikajipenyeza katikati yao. Nikamwambia Mzee Margwe amesimama upande wa kushoto wa Bura, huko haonekani, azunguke.

Akazunguka.